Siku Tuliyompitia Mjomba Shabani Igowole

Turubai lililolowa mvua lina harufu yake, na ikichanganyika na ya petroli na ya magunia ya mchele, mimi hurudi papo hapo kwenye lori la baba, miaka ya hamsini, nikiwa binti wa miaka minane mwenye mdomo mkubwa kuliko umri. Lori lile lilikuwa gari na lilikuwa nyumba. Baba alipeleka mchele wa Kyela kutoka Mbeya hadi Iringa, na njiani tulilala humo humo juu ya magunia, mama akiinjika sufuria ya uji kando ya barabara huku utingo akitafuta maji ya rejeta. Wajukuu wangu wakisikia hivyo wanasema, "Bibi, mlifaidi!" Tulifaidi nini? Vumbi kiangazi, tope masika, na baridi ya Makambako inayoingia mpaka kwenye mifupa.

Safari ninayoisema haikuwa ya mchele tu. Msafiri mmoja alituletea habari kutoka Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, alikokuwa akiishi bibi, mama yake mama. Maneno yalikuwa machache: "Mama hali yake si nzuri. Anamtaka mwanawe." Mama alikaa chini palepale mlangoni. Watoto wa bibi waliobaki duniani walikuwa wawili, yeye na mdogo wake, Mjomba Shabani, na Mjomba Shabani hakuwa Iringa. Alikuwa amejichimbia Mufindi, upande wa Igowole, kwenye shamba la mzungu mmoja, kazi yake kuwapanda farasi wasiowahi kupandwa mpaka watulie. Mtoto wa watu wa pwani, ukoo mzima haujapata kumiliki hata punda! "Lazima tumpitie," mama akasema. "Mama hawezi kufa bila kumwona mwanawe." Baba alimwambia polepole kwamba kukata kona kwenda Igowole ni kupoteza siku nzima, na ugonjwa haungoji mtu. Mama hakusikia. Alilia kutoka Mbeya hadi Chimala.

Tulifika shambani Jumapili asubuhi, ukungu bado umelalia michai. Watu walikuwa wameshaanza kuuzunguka ua wa magogo, vibarua wa Kihehe na Kibena wamejifunika mablanketi, na upande wa pili viti vimepangwa kwa ajili ya wazungu. Mjomba akaja mbio, viatu vya ngozi mpaka magotini, meno yote nje. "Shikamoo, dada! Mmekuja kunitazama?" Mama alimkamata mkono wa shati. "Mama anakufa, Shabani. Panda lori." Kicheko kikamkauka. Akautazama ule ua, akawatazama wale watu, akasema farasi wa leo ameshawaangusha wapandaji wenzake wote, naye ameapa mbele yao kwamba atamkalia. Akiondoka sasa wataimba kwamba mtu wa pwani kakimbia, na vibarua wale kwa utani walikuwa hatari; neno kama hilo lingemfuata mpaka kaburini. "Mara moja tu, dada. Hata chai haitapoa." Mama akamwambia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mjomba akambusu mkono, akaenda zake.

Chai gani hiyo! Mzungu alikuwa akiwangoja wageni wake wa mashamba ya mbali, na walipofika walikaa kula, na farasi hakufunguliwa mpaka walipofuta midomo. Mama alilizunguka lori akivuta tasbihi. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa ameshanogewa, amepanda juu ya paa la lori ili aone vizuri. Alasiri ndipo wakamtoa, farasi mwekundu anayehema kwa hasira, wanaume wanne wamemshika. Mjomba akamkalia. Wallahi alimkalia! Yule mnyama aliinamisha kichwa, akaruka miguu yote ikaacha ardhi, akajikunja kama nguo inayokamuliwa, na mjomba yuko juu, kofia imekwenda zake, vibarua wanapiga mbinja. Nami nilipiga vigelegele kama niko harusini. Nilipogeuka nikamwona mama amejifunika uso kwa kanga. Kisha farasi akajibamiza kwenye magogo, na mguu wa mjomba ulikuwa katikati. Ule mlio niliusikia kutoka kwenye lori.

Tulimlaza juu ya magunia, mguu umefungwa kwa vijiti. Kwa kila shimo la barabara alilia, "Dada, nisamehe," na mama alimpakata kichwa akimwambia nyamaza, utamwona mama, nyamaza. Ile methali sikumsikia akiitamka tena maisha yake yote. Kesho yake mchana tukaingia Ipogolo. Uani kwa bibi wanawake walikuwa wamekaa mkekani, sinia za msiba katikati yao. Walikuwa wameshamzika asubuhi. Roho ilimtoka jana yake alasiri, saa ambayo sisi tulikuwa tukitazama farasi. Tungepita moja kwa moja tungemkuta hai.

Mama alijibu pole za watu kama mtu aliye usingizini. Alichosema ni kimoja, kwamba walau amemleta mwanawe, hata kama wamechelewa. Jirani aliyemuuguza bibi akamtazama, akamshika mabega. "Rukia, alikuwa akikuita wewe. Mpaka sauti ikakatika, mwanangu Rukia, mwanangu Rukia hajafika?" Mama akauliza, "Mimi?" Akauliza tena, "Mimi?" Sijapata kusikia neno dogo likitoka na uchungu mkubwa namna ile.

Siku hizi barabara ni lami, unakunywa chai Mbeya, unakula chakula cha mchana Iringa, na kila mtu ana simu. Habari kama ile ingekuja leo, mwanangu angepiga mara moja na kuuliza, mwana yupi? Jambo la kufumba na kufumbua. Lakini nimeshazeeka sasa, nimelea wa kike na wa kiume, na siamini tena kwamba simu ingetuokoa. Mama asingeuliza. Tangu utotoni mwake, nyumbani kwao likitajwa neno mwana, anayeitwa alikuwa Shabani.