Kiti Kilichokataliwa na Dani

Bado nasikia mlio wa kile kiti chetu kikiburutwa kwenye simiti hadi mlangoni kwetu, mtaani Migosi. Aliyekiburuta alikuwa jirani yetu, Mama Rozi. Nyanya mzaa mama, ambaye tulimwita Dani, alikuwa amefika kutoka kusini mwa ziwa na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa ameketi chini, nje, miguu ameinyoosha. Alikuwa amekataa kuingia, akakataa chai, akakataa hata maji.

“Karibu kiti, mama,” alisema Mama Rozi, kisha akanigeukia. “Hawa watu wa kusini ni wa porini kabisa. Hata kiti wanaogopa, ati kitawauma.”

Nilikuwa mtoto, nikacheka. Nilimwamini kwa sababu alivaa viatu vya visigino. Dani alitabasamu tu, akaendelea kuchambua mchanga kwenye omena.

Juzi, sokoni Otonglo, niliona vijana wakimcheka mama mzee aliyekaa juu ya gunia nje ya nyumba ya mkwewe, na hasira ikanipanda. Sasa najua. Kwetu mwanamke haingii, hakalii kiti wala kunywa maji nyumbani kwa mume wa binti yake, kwa kumheshimu. Dani alivumilia kiu kwa heshima, na mtu ambaye hata hakuuliza akamwita wa porini.

Lakini siku ile nilijua tu kwamba kiti kilikuwa kimemtisha Dani wangu. Mama Rozi alipoondoka, nilikiburuta peke yangu hadi nyuma ya jiko, nikakipiga teke, nikakiacha huko miguu juu.