Povu Mdomoni mwa Kaa

Pale Ziwani, mtaa wa Nairobi, jina la Mideva lilitegemea nani anamwita. Kanisani alikuwa Dada Mideva. Kwa majirani alikuwa Mama Seth. Kwenye mfereji wa maji alikuwa Mama Wadudu, na jina hilo alilibuni Apondi wa mlango wa pili, ambaye hakukosa kulitangaza kila gunia lilipopita.

"Mama Wadudu! Wamefika na makasi yao?"

"Njoo uwasalimie kwa mkono."

"Ai! Mimi ni mtu wa samaki. Samaki ana mapezi, ana adabu. Hao wako wanatembea kama walevi."

Wanawake wa mferejini walikuwa wakicheka, na Mideva naye akicheka. Lakini asubuhi moja ya mvua za El Nino hakusimama. Alipita mbio akitoka stesheni, gunia amelikumbatia kama mtoto mgonjwa, maji yenye tope yakimchuruzikia kiatuni. Apondi alibaki ameshika shati la mumewe, povu la sabuni likimdondoka vidoleni.

Ndani ya gunia mlikuwa na kaa wa mikoko, wazima. Wekulo, mume wa Mideva, alikuwa gadi wa treni ya Mombasa, na kila alipopanda kurudi nyumbani alikuja nao. Walikuwa wamefungwa magando kwa ukindu, wamepangwa juu ya tope na majani kama mayai kwenye trei. Kazi ya Mideva ilikuwa kuwafikisha wakiwa hai kwenye mlango wa nyuma wa hoteli moja kubwa mjini. Karo za watoto, mafuta ya taa, hata kiti alichokalia mama mkwe wake, vyote vilitoka katika gunia hilo. Na ajabu ni kwamba hakuwahi kumwonja kaa hata siku moja. Huko Maragoli alikozaliwa, kitu kinachokwenda upandeupande hakikuwekwa sahanini.

Walikotoka kaa hao, lakini, alikuwa amepaona. Mara moja tu alikwenda na Wekulo, akashuka na mama mmoja mchokoa kaa hadi kwenye mikoko ya Tudor, Mombasa, maji yakiwa yamekupwa. Miti ilikuwa imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo ili kuvuka matope. Vijikaa vidogo vilitoka mashimoni vikimpungia gando moja, kubwa kuliko mwili wenyewe. Yule mama alichuma jani la mchu, mmoja wa mikoko hiyo, akamwambia alambe upande wa chini. Mideva akalamba. Chumvi! Mti unatoka jasho la chumvi! Alirudi Nairobi na majani mfukoni na kipande cha tumbawe lililokufa, ambalo sasa mama mkwe alilisugulia visigino.

Alirudi pia na somo. "Huyu usimtie majini," mama yule alimwambia huku akimfunga kaa. "Amebeba maji yake mashavuni. Mweke kivulini, mloweshee gunia, basi. Ukimwona anatoa povu mdomoni usiogope. Ndiyo pumzi yake hiyo."

Sasa mvua ilikuwa imekata reli huko Voi, na treni ilikuwa imechelewa siku nzima. Juu ya hayo, safari iliyopita, Matheka, mpishi mkuu wa hoteli, alimkuta kaa mmoja mfu ndani ya kikapu. Kaa mfu huoza upesi na anaweza kumwangusha mgeni kitandani. Matheka hakupiga kelele. Alisema tu, kwa upole uliomtisha Mideva kuliko kelele: "Mama, nakuheshimu. Lakini nikiona mfu mwingine, nitachukua wa yule anayewaleta kwa ndege. Wewe utapumzika."

Kwa hiyo alipofika nyumbani hakufungua gunia. Alilisukuma kwenye kona ya giza karibu na jiko, akamwambia mama mkwe, "Mayi, naenda kupiga simu hotelini wajue nakuja. Narudi sasa hivi."

Alimwita mayi, mama, kwa Kibukusu cha mumewe. Bibi huyo, Nafula, alikuwa amefika juzi tu kutoka Bungoma kupimwa macho. Alikuwa mpole, mwenye huruma hata kwa kuku wa jirani.

Foleni ya simu ilikuwa ndefu. Mideva alirudi akihema. Mlangoni akasikia maji yanamwagwa.

Nafula alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni kubwa la kufulia, limejaa maji ya mfereji hadi ukingoni. Gunia lilikuwa tupu kando yake.

"Mwanangu, nimewaokoa," alisema akitabasamu. "Nilisikia wanalialia humo ndani. Nikafungua, nikakuta wametoka povu mdomoni, wote! Kiumbe wa maji na kiu namna ile! Sasa ona walivyotulia."

Walikuwa wametulia kweli. Chini ya maji kaa walilala mmoja juu ya mwenziwe, miguu imelegea kama kamba.

Maneno yalimjaa Mideva kinywani, lakini mama wa mume hapigiwi kelele, hasa aliyekosea kwa huruma. Akayameza. "Mayi, nisaidie kumwaga," alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia ngeni. "Yote. Haraka."

Wakamwaga. Maji yalitambaa sakafuni hadi chini ya kitanda. Nafula aliuona uso wa mkwewe, akaelewa bila kuambiwa. Akakaa chini hapohapo kwenye unyevu, mikono kichwani.

Mideva aliwapanga kaa juu ya majani, vichwa vikiinama ili maji yatoke. Tope lililobaki gunini alilikoroga kidogo, akawapaka mmoja mmoja. Kisha akavuta njiti ya ufagio. Kaa macho yake yako juu ya vijiti, na ukiligusa jicho la kaa mzima, atalikunja alilaze kwenye kijishimo chake. Akagusa. Halikutikisika. Akagusa la pili. Wapi! Akagusa tena, kwa nguvu, hata njiti ikavunjika.

"Yesu wangu," alisema Nafula.

Jicho moja likajikunja. Polepole, kama mzee anayeamshwa. Kisha jingine. Kisha, kwenye mdomo wa dume kubwa, kiputo kimoja kikavimba na kupasuka. Mideva hakuwahi kuliona povu zuri namna ile.

Walioamka aliwatia kikapuni, akawafunika kwa gunia lililolowa. Ambao hawakujibu aliwaacha kwenye jani, ingawa walikuwa wakubwa, ingawa kikapu kilionekana kama mdomo uliong'oka meno. Akatoka kwa miguu, maana kaa waliochoka hawataki kurushwarushwa ndani ya gari. Kila mahali penye kivuli alisimama akafunua gunia. Wanapumua? Huyu je? Watu walimpita wakimtazama mwanamke anayechungulia kikapu na kukinong'oneza.

"Niaje, mathe!" askari wa lango la nyuma alimlaki. "Umechelewa leo. Buda wa jikoni amewaka hasira."

Matheka alichukua kijiti chake mwenyewe, akagusa jicho la kila kaa. Yote yalijikunja, lakini kwa uvivu. Akainua kichwa.

"Hawa wamelewa nini?"

Mideva angeweza kuisingizia treni. Alifungua mdomo kusema hivyo, kisha akaiona sahani ya mgeni, na mgeni mwenyewe, na Matheka akimwamini. "Walitiwa kwenye beseni la maji ya mfereji," alisema. "Ni bahati mbaya ya nyumbani. Waliokufa nimewaacha."

Sufuria ilichemka mahali fulani.

"Maji matamu yakiingia, nyama inachujuka," Matheka alisema. "Haina ladha tena. Ngoja hapo."

Akamtia mmoja kwenye sufuria. Mideva alingoja kando ya ukuta, mtandio wake ameukunja hadi ukawa kamba. Hatimaye Matheka alipasua gando, akamnyooshea nyama nyeupe.

"Onja wewe. Wewe ndiye uliyewaleta."

"Mimi sijawahi..."

"Hata mara moja? Miaka yote hii?" Wapishi wawili waligeuka kumtazama. "Basi leo."

Aliiweka ulimini akiwa amefumba macho, akitarajia kutapika. Haikuwa kama kitu chochote alichokijua, isipokuwa kimoja: jani la mchu, upande wa chini.

"Chumvi ipo," alisema.

Matheka alitafuna kipande chake bila haraka, macho darini. "Ipo," alisema mwishowe. "Wiki ijayo kikapu kijae. Na beseni lako ulifiche."

Alipofika nyumbani, Nafula alikuwa bado ameketi mlangoni, beseni limefunikwa kifudifudi mbele yake kana kwamba lingeweza kujijaza tena.

"Wamekufa?" aliuliza, hakuthubutu kumtazama.

"Wamekufa, mayi," Mideva alisema, akaketi kando yake na kuvua viatu. "Kwenye sufuria ya mpishi."

Kutoka mferejini wakamsikia Apondi akicheka.