Mamangu, Eda na Samaki wa Marehemu

Mamangu, Hawabai, hakuwa mpenzi wa samaki. Nalisema mapema ili mtu asidhani kwamba aliyoyafanya yalikuwa mazoea ya mfugaji. Miaka yote aliyoishi na babangu, lile tangi la kioo alilihesabu kama mke mwenza. Babangu, Zakir, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akirudi kutoka dukani hutusalimu sisi upesi upesi, kisha huenda kusimama mbele ya samaki wake. Mamangu humwambia kutoka jikoni, "Wakishakupikia, uniite nami nije nile."

Babangu alituacha mwaka huu. Nikiliandika jina lake mkono bado huwa mzito, lakini amri ni ya Mola nasi tumeridhika. Mamangu akaingia eda katika chumba cha ndani cha nyumba yetu, ghorofani, nyuma ya Ndia Kuu. Alikaa na nguo zake nyeupe, msahafu na tasbihi, haonani na mwanamume asiye maharimu yake. Na tangi lilikuwa mumo humo chumbani, kwa sababu babangu alipenda kulitazama kabla ya kulala.

Ami Shoaib, ndugu mdogo wa babangu, alimwonea huruma. Akaleta samaki wawili katika mfuko wa plastiki, wamliwaze, akataka watiwe tangini papo hapo. Wiki haikwisha, samaki wote walikuwa na madoa meupe mwilini na kwenye mapezi. Walijisugua kwenye mawe, wakaacha kula. Kisha wakaanza kufa. Mimi ndiye niliyewatoa, na kila nikipita na bakuli lililofunikwa, mamangu aligeuza uso.

Ami, aliyekuwa mkubwa wetu sasa, akaja kuzungumza naye nyuma ya pazia. Alisema kwa upole kwamba nyumba ya msiba haifai kutolewa maiti kila uchao, hata ziwe za samaki, na kwamba watu wameanza kusema. Baada ya khitma ya arobaini ataleta mahamali walichukue tangi akaliweke ghalani kwake.

"Mjane yuwataka Qur'ani, shemegi. Hataki uvuvi."

"Qur'ani naisoma," mamangu akajibu. "Na hawa ni amana ya nduguyo. Nipe mpaka hiyo arobaini."

Nikamwita Musyoka, anayeuza samaki wa mapambo kule Makadara na aliyemjua babangu. Akapanda ngazi akiwa amevua kofia, akasimama nje ya pazia, akawa ananong'ona kama aliyekuja kumwona mgonjwa mahututi. Mamangu akamwambia aseme kwa sauti, samaki hawana masikio ya umbeya. Akamweleza kwamba wanaonekana kama waliobiringishwa kwenye sukari. Musyoka akatambua mara moja. Ni mdudu mdogo, akasema, huingia chini ya ngozi ya samaki na kumla. Kwa samaki wa aina yetu chumvi itatosha, ile ya mawe, iyeyushwe kwanza pembeni na kutiwa kidogo kidogo. Joto la Mombasa nalo litasaidia, na pampu ya hewa isizimwe.

Tukafanya hivyo. Baada ya siku kadhaa madoa yakatoweka, samaki wakang'aa. Ami akatuma salamu za alhamdulillahi, akasema sasa tumwage maji yale ya chumvi, tutie safi, tupumzike. Sote tulikuwa tumechoka na ndoo. Mamangu peke yake alikataa. Akaniambia nimpigie Musyoka simu, niweke sauti juu.

"Baba Musyoka, yale madoa yakimtoka samaki huenda wapi?"

Musyoka akasema huanguka chini kwenye kokoto, na pale kila moja hupasuka likatoa wadudu wadogo wengi mno, nao hupanda juu kutafuta samaki mwingine.

Mamangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi. "Kumbe ni chawa," akasema, akininyoshea kidole. "Naqiya huyu alirudi nao kutoka madrasa. Kichwa kinatulia, mama anafurahi, na mayai yamo. Mimi sikuweka chanuo chini mpaka yalipokwisha yote."

Basi hatukuweka chanuo chini. Kila asubuhi, akimaliza sala na nyiradi zake, alikunja mikono ya nguo akafyonza uchafu wa kokoto kwa mpira wa maji, pembe kwa pembe, na mimi nikapokea ndoo. Maji ya kurudishia tuliyalaza kwanza ndooni ili dawa ya bomba itoke, na chumvi iliyopungua akairudisha. Samaki mmoja alitokwa tena na madoa mkiani, machache, nayo yakaondoka. Baada ya hapo hatukuyaona tena, na bado aliendelea.

Nami nilikuwa nimefahamu maradhi yalikotoka. Nilitaka kumwambia Ami wazi, hasa baada ya maneno yake ya uvuvi. Mamangu akanikataza. "Alileta kwa huruma. Huruma ya mtu hairudishwi usoni mwake. Nisikusikie."

Siku ya arobaini, khitma ilipokwisha na watu kula, Ami alikuja na mahamali wawili wenye kamba. Mamangu hakubishana. Alihamia chumbani kwangu, akafunga mlango, akasema shemegi aingie ajionee. Ami akasimama mbele ya tangi. Samaki wote wakaja kwenye kioo, wakamfungulia vinywa kama walivyokuwa wakimfungulia ndugu yake. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ndio hawa waliokuwa wakifa?" akauliza, akisogea kwenye mlango wa chumba changu.

"Ndio hawa."

"Bhai, ndugu yangu, angefurahi sana, shemegi," akasema. "Tangi halitoki humu."

Nilimsikia mamangu akivuta pumzi, kisha tasbihi ikaanza kutembea. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na mamangu hakufika hapo, lakini nikiulizwa subira ni nini, namtaja yeye, mikono imekunjwa, mpira mkononi. Ami alitoka nje akawaambia mahamali wakunje kamba zao. Wakapewa sahani mbili za biriani, wakala hapo ngazini, wakashuka mabega matupu.