Nusu ya Pedali

Chuoni walimwita Mto, na si mto wa maji. Ni ule wa kukalia, aliomshonea mama yake kwa mabaki ya kitambaa cha suti, maana Mungu alimpa akili na macho makali akasahau kumwongezea kimo. Bila mto ule, binti wa watu aliona mawingu na saa za vipimo mbele ya usukani tu; barabara ya kurukia haioni. Wenzake walicheka mpaka wakachoka, jina likabaki.

Alikuwa ameacha kazi ya mapokezi katika zahanati ili asomee urubani, na nyumbani walishaanza kumpa cheo. Shangazi yake alimwita Kapteni mbele ya wageni. Mto alijichekesha tu, huku moyoni akijiuliza ni kapteni gani huyo ambaye hajawahi kurusha ndege peke yake hata mara moja. Wenzake wote wa darasa walisharuka. Na kwa watu wa kazi hiyo, kabla ya siku ile mwalimu anaposhuka akafunga mlango na kukuachia ndege, wewe bado ni abiria tu, hata kama usukani umeushika wewe.

Mwalimu wake aliitwa Baba Mlezi, na jina lilimkaa. Hakuwahi kumfokea mtu. Wanafunzi wa walimu wengine walishuka ndegeni midomo imevimba kwa hasira, Mto alishuka na "vizuri sana, binti yangu." Akimuuliza ni lini atamwachia ndege, mzee humjibu kwamba bado kidogo, haraka ya nini. Bado kidogo ikazaa bado kidogo nyingine. Mwishowe Mkuu wa chuo, mama mmoja mkavu ambaye salamu yake ilikuwa kuangalia saa, akasema atampima mwenyewe. Akifaulu, ataruka peke yake siku hiyohiyo. Akishindwa, afunge virago.

Siku ya kipimo upepo ulivuma kutoka kushoto. Mto hata alifurahi, kwa sababu kutua katika upepo wa ubavuni ndiko alikosifiwa zaidi. Kazi yake aliijua. Matairi yakigusa chini, pua ya ndege hutaka kugeukia kule upepo unakotoka, nawe unaizuia kwa kukanyaga pedali ya kulia. Asubuhi ngapi hakufanya hivyo na Baba Mlezi! Unaikanyaga nusu, na nusu iliyobaki pedali inajimalizia yenyewe, polepole, chini ya unyayo wako. Ndivyo alivyoijua pedali tangu siku ya kwanza, na hakumuuliza mtu. Nani anauliza kama maji yanalowesha?

Matairi yakagusa. Akakanyaga nusu, akangoja.

Pedali haikwenda. Pua ikaanza kugeuka kushoto, na Mto bado anangoja, mguu umetulia kama wa mtu anayesukwa nywele. Tairi likaacha lami likaingia kwenye majani, na taa moja ya pembeni ikapasuka. "Nimechukua," akasema Mkuu, akainyoosha ndege, akaisimamisha. Kisha akamgeukia.

"Miguu yangu ilikuwa sakafuni muda wote," akasema. "Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Jibu Mto alishalijua, na lilimchoma. Ndege ya kufundishia ina pedali za watu wawili, zimeunganishwa. Akikanyaga mmoja, za mwenzake zinasogea. Hakuna pedali inayojimalizia duniani. Miezi yote ile alikuwa ni Baba Mlezi, mguu wake mpole ukimalizia kila kutua, na mdomo wake ukimsifu mtoto kwa kazi ya mkubwa. Amefundishwa kurusha nusu ya ndege.

Akamfuata mzee kwenye banda la ndege, akamkuta anafuta kioo. Akamweleza. Mzee hakukana.

"Nilikuwa nakusaidia tu, binti yangu. Sikutaka uvunjike moyo."

Mto alitamani kupiga kelele. Badala yake akamwomba jambo moja: waende kwa Mkuu, na aseme kwa kinywa chake kwamba mguu ulikuwa wake. Huruma hataki. Akipewa masomo machache na mwalimu anayeiacha miguu yake sakafuni, ile nusu iliyobaki atajifunza. Baba Mlezi akaitikia, macho yamemlowa.

Ofisini mzee alivua kofia. Akasema binti huyu ana bidii sana. Akasema mama yake ni fundi cherehani, amemlea peke yake kwa taabu, na kwamba leo hofu ilimshika tu, yeye anamjua kama mwanawe, ana roho nyepesi. Alisema kwa uchungu wa kweli. Kila sifa aliyoitoa ilikuwa inamzika mtu, na mguu hakuutaja.

"Mwambie kuhusu mguu," Mto akasema.

Baba Mlezi akamtazama Mkuu kwa tabasamu la mzazi anayemwombea radhi mtoto. "Nilimgusia pedali mara mojamoja," akasema, "kama tunavyofanya sisi sote."

"Mwenye hofu simwachii ndege," Mkuu akasema, akaangalia saa.

Nje, mzee akamwekea mkono begani. "Nimejaribu, binti yangu." Na ubaya wenyewe ni kwamba aliamini kweli amejaribu. Mtu mbaya ungemtukana roho ikatulia. Huyu utamtukana uanzie wapi? Mto akautoa ule mkono begani kwake, akaondoka.

Langoni alikutana na mwanafunzi mpya, dada mmoja mrefu, uso umejaa furaha. Alimwambia kwamba amepangiwa Baba Mlezi, na amesikia ndiye mwalimu mpole kuliko wote.

"Mpole sana," Mto akasema. "Siku utakayotua vizuri, muulize ni nani aliyetua."

Yule dada akacheka, akidhani ni utani wa wakubwa, akakimbilia bandani.