Sisimizi wa Nyuma ya Jiko

Majuzi, kwenye kituo kimoja cha utafiti huko Msambweni, niliona kokwa za zambarau zimeanikwa kwenye masinia. Kijana wa pale aliniambia wanazisaga ili wapime kama kweli zinashusha sukari. Niliinama nikazinusa.

Hiyo ndiyo harufu iliyojaa jikoni kwetu Mwabungo, shangazi alipokuwa akimchemshia nyanya kokwa hizo. Nyanya aliugua sukari, na kipimo chetu kilikuwa sisimizi. Shangazi alimwaga mkojo wa nyanya mchangani nyuma ya jiko, kisha mimi nikatumwa kutazama. Sisimizi wakija wengi, dawa iliongezwa.

Alasiri moja nilikuta mchanga mtupu. Nilirudi mbio.

"Shangazi, leo hakuja hata mmoja."

"Alhamdulillahi," akasema, akajifuta machozi kwa leso. "Na mkojo wenyewe ulikuwa kidogo tu, kama maji. Dawa imemkubali."

Nyanya alikuwa amelala mkekani, uso na miguu imejaa. Nilidhani amenenepa. Nilimwambia amepona, naye alikuwa akipumua kwa sauti kama sufuria inayotokota.

Leo najua kwamba sukari haikuwa imekwisha. Figo zilikuwa zimekufa, na sukari ilikosa njia ya kutoka. Lakini alasiri ile shangazi alioka mkate wa sinia wa kushukuru, nyumba nzima ikanukia iliki.

Kesho yake, mkate huohuo ndio tuliowapa waliokuja kuzika.