Upepo wa Saa Mbili

Nimefundisha Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, miaka ya kutosha kujiona nimemaliza kuona umaskini wa shule. Darasani kwangu watoto, wengi wao kutoka Sudan Kusini, wamebanana hadi mlangoni, na kitabu kimoja hupita mikono mingi. Kwa hiyo nilipoteuliwa kusimamia mtihani wa darasa la sita, nikatakiwa kwanza nifuatane na afisa wa elimu kutoka Lodwar kwenda kuona shule ya kisiwani, upande wa Kataboi, nilikwenda na kiburi changu. Watanionyesha nini?

Kisiwa chenyewe si cha zamani. Kilikuwa kilima tu, hadi ziwa lilipopanda na kukizunguka. Shule ni madarasa mawili ya mabati na walimu wawili. Nilianza kukasirika pale pale. Kakuma dawati likivunjika, mgeni mwenye kamera hakosi. Kule hata huyo hawana. Umaskini wetu una mashahidi, wao wanateseka peke yao.

Afisa aliwaita wazazi akawaambia kuwa watahiniwa wao ni wachache mno, hivyo watavuka kwenda kufanyia mtihani katika shule ya bara, nilikopangiwa kusimamia, saa mbili kamili asubuhi. Wazazi wakatazamana. Kwenye ziwa hili upepo huanza usiku na haulegei hadi jua likaribie utosini. Wavuvi wenyewe hawatii chombo majini kabla ya hapo. Wakaomba watoto wavuke alasiri ya siku iliyotangulia, walale darasani kule kule. Afisa akakataa. Kulala kunataka mlezi na chakula, alisema, na hakuna fungu la kazi hiyo. Badala yake italetwa boti ya injini alfajiri. Alivyolitamka neno injini, ungedhani upepo utamwamkia shikamoo.

Tulilala huko. Asubuhi afisa alikuwa na mkutano Lodwar, akataka tuondoke mapema. Akashuka ufukweni, akayaona mawimbi, akarudi nyuma bila kuzuiwa na mtu. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa hadi mchana, yeye akitafuta mtandao kwenye simu, mimi nikichemka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mama mmoja, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa watahiniwa, alikuja akatusalimu ejok kwa adabu zote. Kisha akamgeukia afisa.

"Wewe leo umengoja upepo. Hiyo mtihani nayo itangoja mtoto yangu?"

Afisa alicheka kidogo akasema boti itakuja. Tulipofika Lodwar nilimfuata hadi ofisini kwake, nikamwambia abadili amri, yeye mwenyewe ameshuhudia. Akaniambia nisimletee siasa za kambini. Nilitoka nikaubamiza mlango wake, na sijutii.

Boti ilikuja kweli. Siku ya mtihani niliikuta imefungwa ufukweni upande wetu, injini mpya inang'aa, na nahodha amekataa katakata kuisogeza. Simlaumu, mawimbi yalikuwa yanapanda hadi kwenye mchanga mkavu. Saa mbili nikafunga mlango kama sheria inavyotaka, viti vya watoto wa kisiwani vikiwa vitupu. Nikampigia afisa simu. Akasema niandike kwamba hawakuhudhuria. Watoto wamevaa sare tangu gizani, wamesimama ng'ambo wakingoja ahadi yake, na yeye anasema hawakuhudhuria. Niliandika.

Walifika mchana, maji yametulia, viatu wameshika mikononi. Karatasi zilikuwa zimeshatiwa lakiri. Binti wa yule mama ndiye aliyetangulia kuingia. Akaketi kiti cha mbele, akavaa viatu vyake, akatoa penseli yake akaiweka mezani.

"Upepo imelala, mwalimu," akasema. "Sasa tunaanza?"