Pazia la Mama Mgongoni mwa Farasi

Msimu ule wa mvua, mume wangu alikuwa akirudi nyumbani kila jioni na habari za mwanamke mmoja. Ameshindaje, amekula kidogo au amemaliza, leo amejikuna wapi. Mwanamke mwenyewe alikuwa farasi. Majirani wa ploti yetu pale mtaa wa Congo, Kawangware, wakisha kumsikia, asubuhi tukichota maji kwenye mfereji wananiuliza mke mwenza wangu ameamkaje. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Mimi ni fundi wa nguo. Nashinda nimeinamia cherehani hapo mlangoni kwangu, na jioni ikifika nataka hata mimi niulizwe mgongo unaendeleaje.

Mume wangu ni saisi, mtunza farasi, katika mazizi yaliyo ng'ambo ya barabara ya Ngong. Huyo farasi jike alikuwa wake wa kumtunza, ingawa si wake wa kumiliki. Mvua zilipoanza, farasi akaanza kujing'ata. Alianza ubavuni, akaenda kwenye shina la mkia, kisha kifuani. Anageuza shingo, anauma ngozi yake mwenyewe mpaka inatoka damu, halafu anaenda kujisugua ukutani pale pale penye kidonda. Daktari wa wanyama alikuja akamwangalia, akasema ni usubi, vile vidudu vidogo vinavyotoka kwenye majani asubuhi na jioni. Farasi wengine vinawauma na hawajali, ila ngozi ya huyu imevikataa kabisa. Alimpa dawa ya kupaka, akasema pia kwamba dawa haitashinda kama vidudu vinaendelea kumfikia. Lazima afunikwe mwili mzima.

Nguo za farasi zinaagizwa ng'ambo, na mwenye farasi hakuwa na nia ya kumwagizia mnyama mzee aliyekwisha kuacha mbio. Akasema mwezi ukiisha na vidonda havijafunga, daktari aje na ile sindano ya mwisho, mnyama apumzike.

Mume wangu aliniambia hayo akiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa hivyo hivyo. Nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa shati. Tumeishi naye miaka mingi na sijawahi kumwona analia, hata siku tulipomzika baba yake. Wivu wangu ukaniaibisha. Nikamwambia, kama shida ni nguo tu, kwani amesahau ameoa nani?

Kuna jambo jingine pia. Mimi nilizaliwa na ngozi ya mwasho. Kule kwetu Vihiga nilijikuna viwiko na magoti mpaka vikatoa maji, na watu wazima wote walionipita walinipiga kibao cha mkono, ati niache. Mama peke yake hakuniambia niache. Alinishonea gauni la kulalia kwa sindano ya mkono, mikono mirefu imezibwa mwishoni, kucha zisifike kwenye ngozi. Mpaka leo, nikimwona mtu anamkemea mwenye mwasho, damu inanichemka.

Nguo ya kwanza ya farasi niliishona kwa neti ya mbu. Mume wangu alikuwa amempima kwa kamba, akafunga fundo hapa na hapa, nami nikakata kwa kufuata mafundo. Nilijiona nimemaliza kazi. Kesho yake jioni alirudi na neti ndani ya mfuko, imechanika mabegani, na akasema usubi walikuwa wanapita kwenye matundu yale bila hata kubisha hodi. Wengine walinaswa humo ndani pamoja na farasi. Masaisi wenzake walikuwa wamecheka sana.

Nikafunga cherehani, nikaenda zizini mwenyewe. Nilimkuta farasi amevishwa kola ya vijiti shingoni, asiweze kugeuza kichwa. Kwa hiyo hakuwa anajing'ata tena. Alikuwa amesimama anatetemeka ngozi, anapiga mguu chini, na jicho lake lilikuwa jekundu. Msimamizi wa zizi, mzee wa makamo, alimchapa puani akamwambia atulie. Nilimwambia, na sikumwambia kwa upole, kwamba hakuna mtu aliyewahi kuamriwa asiwashwe akaacha kuwashwa. Akaniambia mama, hapa ni kazi ya farasi, si ya nguo. Nikamjibu kwamba mimi nimekuja kupima mteja. Nikatoa futi yangu shingoni.

Hapo ndipo nilipoona tulipokosea. Mteja wangu wa kawaida nampima akiwa wima, anyooke, aangalie mbele, na mume wangu alikuwa ameniona nikifanya hivyo kila siku, akampima farasi hivyo hivyo. Lakini farasi hashindi wima. Anashinda kichwa kiko chini, anakula. Akiinama, mgongo unarefuka na mabega yanasukuma mbele, na nguo yoyote iliyokatwa kwa kipimo cha kusimama itamkaba halafu itachanika. Nikaomba awekewe majani chini. Nikampima akila, taratibu, nikipita mbali na vidonda. Nilipogusa ubavu wenye ngozi nzima aliegemea mkono wangu kwa uzito wote, akaniomba nimkune. Nikamkuna. Sikuwa na la kusema tena juu ya mke mwenza.

Kitambaa ndicho kilichonisumbua. Nilizunguka mitumba yote ya Kawangware, nikashika mashuka mpaka wauzaji wakachoka nami. Yaliyokuwa mapana yalikuwa ya nailoni, na nailoni kwenye ngozi ya mwasho ni mateso. Ya pamba yalikuwa membamba, ningelazimika kuunga katikati, na mshono ukikaa juu ya uti wa mgongo utamkwaruza pale pale. Nilitaka pamba, pana, kipande kimoja, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Na nilijua vizuri iko wapi. Nilikuwa nimeijua tangu nilipotoka nyumbani.

Nyumba yetu ni chumba kimoja. Katikati, kutoka ukuta hadi ukuta, kulikuwa na pazia la pamba lenye maua ya samawati. Upande wa mlangoni ni viti, upande wa nyuma ni kitanda. Mama ndiye aliyelinunua, siku aliposikia nimeolewa na naishi chumba kimoja. Kwetu mzazi haoni kitanda cha binti yake na mkwe wake. Ni aibu, na mama anashika hayo mambo bila kulegea. Alinipa pazia akaniambia, "Hili ni la kunifanya niweze kuja kukuona."

Nilipanda kwenye kigoda nikalishusha. Mume wangu alisimama katikati ya chumba, akatazama kitanda kilivyobaki wazi. Akauliza, "Na mama akija?"

"Mama akija tutaongea naye," nikasema. "Farasi akidungwa sindano tutaongea na nani?"

Nilishona kwa uzi wa magunia. Nikaweka lastiki kifuani, kitambaa cha kupita chini ya tumbo, na mfuniko wa mkia. Shuka letu la pili likawa la shingo na masikio. Alipovikwa, zizi zima liliangua kicheko, ati bibi harusi huyo. Wacheke. Siku za mwanzo alilichana ubavuni kwa kujisugua ukutani, nami nikatia kiraka. Akachana kiraka, nikatia kingine. Akivuliwa mchana, saa ambazo usubi wametulia, mume wangu alipaka dawa ya daktari, akafua nguo, akaianika, akamvika tena kabla ya jioni. Kila nilipoulizwa kama inasaidia nilisema inasaidia, hata siku ambazo sikuwa na hakika. Kisha siku moja kola ya vijiti ikatolewa, na hakugeuza shingo.

Mwisho wa mwezi ulifika. Asubuhi mume wangu aliondoka bila kunywa chai, kwa maana daktari alikuwa anatarajiwa. Na siku hiyo hiyo mama, aliyekuwa amekuja kumwona dada yake Kibera, akapiga simu kwamba ameshuka Kawangware, yuko njiani.

Nilifunga leso mbili kwenye kamba ya pazia. Zikaacha pengo katikati, na kitanda kikaonekana kama kimealikwa. Mama alifika mlangoni, akachungulia mara moja tu, akarudi nyuma, akageuza uso. Nilimletea kiti nje, chini ya ukingo wa bati, karibu na cherehani, nikampa chai nikamweleza yote tangu mwanzo. Nilitegemea anigombeze. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akainywa chai yote taratibu.

Tukakaa hivyo hadi mume wangu akatokea kwenye uchochoro. Alipomwona mama mkwe alisimama mbali, akavua kofia, akaangalia pembeni. Hawa wawili hawaangaliani machoni, na wakiwa na neno zito hulipitisha kwangu.

"Mwambie mama," akasema, huku akiikunja kofia mkononi. "Mwambie mama daktari ameangalia ubavu. Nywele zinaota. Ameondoka na sindano yake."

"Mwambie nimesikia," mama akasema, akiangalia ukuta.

Nililia, sitaficha. Nikamwambia mama sasa kwa kuwa farasi amenusurika, nitatafuta hata mashuka mawili niyaunge, nikate nguo nyingine, pazia lirudi mahali pake, aweze kuingia ndani kama watu.

"Ulisema mshono utamkwaruza mgongo," mama akasema.

"Utamkwaruza kidogo tu."

"Basi usimvue." Akavuta leso yake mabegani. "Mimi hapa nje nimekaa vizuri."

Mvua ilikuwa imeanza tena, na maji ya bati yalikuwa yanamdondokea miguuni.